Geti Linalokwama

Mlinzi wa shule yetu huinua kabati la vitabu bila msaada, lakini kila siku geti humshinda. Humshinda saa moja na dakika kumi tu, binti wa darasa la sita anaposimama ng'ambo ya barabara ameshika tumbo, tayari kurudi nyumbani kama alivyofanya muhula mzima uliopita. Mlinzi hamwiti aingie wala hamtazami. Huguna, hufuta jasho lisilokuwepo, kisha hulilalamikia geti: "Leo limegoma tena. Mwanangu, hebu nisaidie kusukuma." Binti husukuma, geti husogea, na kufumba na kufumbua yuko ndani. "Ahsante, mama. Bila wewe ningeaibika."

Kamati ya ushauri nasaha, iliyokaa vikao saba kuhusu hofu ya binti huyo, imepongezwa kwa kuwa sasa binti anahudhuria kila siku. Mlinzi naye amepewa barua ya onyo kwa kutolitunza geti, pamoja na kopo la grisi. Jana aliipaka mbele ya mwalimu mkuu mpaka geti likateleza kwa kidole kimoja. Leo asubuhi nimemkuta ameinama, anachagua kokoto la kuweka kwenye reli ya geti.