Kuku wa Kukombolea Boti

Arobaini ya mume wangu tulikula yanga. Mtu wa huku kwetu Ruvu ukimwambia hivyo, haulizi tena ni mwaka gani. Ni ule unga wa njano ulioletwa kwa meli, ugali wake rangi ya boga na harufu ya gunia, unausonga mpaka bega linauma na bado haushikani. Walisema huko unakotoka wanalisha ng'ombe. Sijui. Mimi nililisha watu waliokuja kumwombea mume wangu, na kitoweo kilikuwa kambale. Wali haukuwepo, mbuzi hakuwepo, kuku walikuwa wamekufa wote kwa mdondo. Mimi mtoto wa watu wa Masaki, ile ya shamba si ya mjini, kwetu hitima haisomwi bila sufuria ya wali, niliona aibu hata nikajificha jikoni. Aibu ile ninayo mpaka leo ninapoandika, kwa herufi nilizofundishwa ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, kidole kimeshakuwa kigumu kama mpini wa jembe.

Mume wangu alikuwa mvushaji. Alikuwa na boti mbili za mbao alizozinunua kwenye shamba la mkonge walipoacha kuvusha vibarua mtoni. Zilipofika kwetu tayari zilikuwa vikongwe. Kubwa ilibeba watu kumi na wawili na mbuzi wao, ndogo ilibeba watano wasiogombana. Alivushia mahali ambapo Ruvu ulihama zamani ukaacha maji yamekaa, mapana na marefu, sisi tukapaita Ziwani. Upande huu nyumba zetu, ng'ambo mashamba ya mpunga. Miaka miwili ya mwisho kifua kilimkamata, pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, nikaushika mimi. Watu walicheka mwanamke kusukuma boti. Walipoona hawalowi wakanyamaza.

Sasa, siku ile ya arobaini alikuwepo mtani wetu. Mnyamwezi, mzee wa rika la mume wangu, alikuja pwani kukata mkonge na hakurudi kwao. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na kwenye msiba mtani ana ruhusa zake. Alivaa kofia ya marehemu, akaingia kwenye boti kubwa, akakohoa kama yeye hasa, akapaza sauti: "Vukaaa! Mwenye mbuzi akae nyuma! Mwenye deni la jana ashuke aogelee!" Watu waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Halafu akakaa kitako, akakunja mikono.

"Boti hii nimerithi mimi. Mkiitaka, ikomboeni."

Desturi ndiyo hiyo. Mtani akikamata kitu msibani, mnakikomboa palepale, kabla watu hawajanawa mikono. Kuku mmoja anatosha. Nami kuku sikuwa naye. Ningeweza kukomboa kwa ugoro, kwa khanga, kwa chochote. Lakini kwa aibu ya yanga nikajibu kwa kiburi: "Kuku hakuna. Kaa nayo, mbeba mizigo wee, utawavusha viboko!"

Watu wakacheka, wakanawa, wakaenda zao. Boti haikukombolewa. Nilikosea, nami sikujua.

Haukupita muda, magari ya Operesheni yakaja. Tukaambiwa tuhamie kijijini, barabarani, upande wa Mlandizi, ndiko shule na zahanati zitakakojengwa. Mapaa yakashushwa. Wenzangu wote wakapakiwa na vinu vyao na bata wao. Nami nikapewa kiwanja, nikajenga kibanda, lakini kila alfajiri nilirudi Ziwani kwa miguu kuzifua maji boti zangu, kuyachota na kuyamwaga nje, maana boti kuukuu usipoifua siku mbili inazama yenyewe kwa uvivu. Binti yangu aliyeolewa Maneromango aliniita nikakae kwake. Nikamwambia mimi si kikapu cha kuhamishwa hamishwa.

Lakini nivushe nani? Upande huu hakuna mtu, ng'ambo hakuna mtu. Mafiga matatu ya jirani yangu yalikuwa pale pale na majivu yake, nyumba haipo. Mpapai wake ukazaa, mapapai yakaiva, yakaanguka. Nilikaa ndani ya boti nikisikiliza yakianguka.

Jumapili moja wakaja walimu watatu kutoka Kibaha, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye mwavuli. Wakaniamkia vizuri.

"Shikamoo mama. Tunaomba utupakie."

"Marahaba. Niwavushe?"

"Hapana mama, tunataka kutembezwa tu. Tuone viboko."

"Niwapeleke wapi sasa?"

"Zungusha popote, halafu uturudishe hapa hapa."

Nikawatazama kama wana homa. Kumvusha mtu ninajua: anatoka huku ana shida, anafika kule. Huyu anatoka hapa, anarudi hapa, na shida hana! Mwenye mwavuli akasema, "Mama, sisi kutwa nzima tunatazama ubao." Basi nikawapakia. Nikawapitisha kwenye mayungiyungi, nikawapitisha kwenye matete wanakolala korongo, nikasimama mbali na viboko kama mume wangu alivyonifunza, pondo chini, mdomo kimya. Kiboko akaibuka, akapiga chafya. Yule mwalimu mwanamke akanishika mkono akasahau kuuachia mpaka tulipofika ufukweni.

Jumapili iliyofuata wakaleta wenzao. Kisha wakaja makarani, kisha bwana shamba mmoja na mkewe na chupa ya chai. Nikafyeka njia. Nikaweka mbao za kukalia, nikazifunika mikeka. Nikaweka sheria: hakuna kusimama, hakuna kuimba karibu na viboko, na mlevi atabaki ufukweni atutunzie viatu. Hivyo ndivyo nilivyoanza biashara ya kuwatembeza watu wasiokwenda mahali. Nchi nzima inahangaikia unga, mimi ninauza hewa na ndege. Na nilijivuna, sifichi. Walimu watu wazima, wenye vyeti, wakiniuliza mimi jina la kila ndege.

Ila Jumapili ilinitesa. Zamani kimya kilikuwa kimya tu, kama cha maji. Sasa gari lao likishaondoka, nilibaki nimesimama na mikeka mikononi nikisikia kimya kinavyorudi kukaa mahali pake. Jumatatu mpaka Jumamosi nilisema na boti. Nilimtukana kiboko ili nisikie sauti ya mtu.

Aliyekuja katikati ya wiki alikuwa mtani peke yake. Alileta nyuzi za mkonge na lami, akaziba mianya, kwa kuwa mbao zile zilivuja kama chekeche. Tulifanya kazi na kutukanana.

"Mzaramo, unauza safari isiyofika! Ninyi mliuza minazi kwa ajili ya ngoma, sasa mnauza maji ya Mungu."

"Ziba hapo, mpagazi. Babu yako alibeba pembe za ndovu za watu mpaka shingo ikaingia tumboni."

"Ndiyo maana sisi tuna nguvu. Wewe hata mume umebebewa na malaika."

Hilo angelisema mwingine ningempiga pondo. Kwa mtani nilicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha, naye akajifanya anatafuta lami.

Sasa kijiji chetu kilikuwa na katibu. Kijana wa bara, kutoka milimani huko, shati limepigwa pasi hata wakati mkaa haupatikani. Hakuwa mtu mbaya. Alisikia watu wa Kibaha wanakuja kupanda boti, akaitisha mkutano aorodheshe mali za kijiji. Akauliza, "Zile boti za Ziwani ni za nani?"

Mzee mmoja akajibu, tena kwa moyo mweupe: "Ndogo ya mama huyu. Kubwa ni ya mtani, aliikamata arobaini na haijakombolewa."

Watu wakacheka, wote walikuwepo. Katibu hakucheka. Kwao hawana mambo hayo. Akamgeukia mtani: "Ni kweli, mzee?"

Hapo ndipo angesema hapana. Lakini mtani haharibu utani mbele ya watu, ni kama kumwaga chakula. Akasimama, akajipiga kifua: "Kweli tupu! Na bibi huyu nimemkamata pamoja na boti!"

Mkutano mzima ukalala kwa kicheko, nami nilicheka. Katibu akainama, akaandika.

Wiki ya pili yake tukasomewa orodha. Kaya ya mtani: mke mmoja, boti mbili. Mke ni mimi. Na kwa kuwa mwenye kaya ni mwanachama wa shamba la kijiji, boti zitafanya kazi ya kijiji kuanzia mwezi ujao, yeye akiwa nahodha. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mtani alikuja Ziwani kesho yake asubuhi, amebana kuku kwapani. Sijui alimtoa wapi, kuku alikuwa adimu kuliko sukari. Akanikabidhi.

"Haya. Nipe."

"Nikupe nini?"

"Nipe kuku, mwanamke! Ikomboe boti yako."

Basi tukaenda mpaka ofisini, mimi nimeshika kuku aliyenipa yeye, tukaita mashahidi wale wale wa arobaini. Nikamkabidhi mtani kuku wake, nikasema maneno ya kukomboa, watu wakapiga makofi. Katibu akatutazama, akamtazama kuku. Tukamweleza, kila mtu kwa zamu yake. Akafuta zile boti mbili, akafuta na neno "mke". Lakini kalamu haikutoka kwenye karatasi.

"Mama, nimeelewa. Lakini chombo cha abiria hakiwezi kuwa cha mjane anayeshinda porini peke yake. Kukitokea ajali nitamshika nani? Nataka jina la mwanamume wa kaya. Kama hayupo, boti zinaingia kijijini."

"Nishike mimi, mwanangu. Mkono ninao."

"Nakupa wiki moja, mama."

Nitangulize mwisho wa jambo hili: boti hazikuchukuliwa. Yule katibu alihamishwa wilaya nyingine kabla hajazifuata, na aliyemfuata akakuta njaa, hakuwa na nafasi ya kuhesabu boti. Niliwatembeza watu mpaka mbao zilipooza, na leo wajukuu wangu wanajua kuogelea kuliko vyura, niliwafunza mimi. Lakini wiki ile hakuna aliyejua hayo. Mimi nilijua nina siku saba.

Siku ya sita mtani akaja. Hakuleta lami. Amevaa kanzu safi, amenyoa. Akakaa kwenye ukingo wa boti kubwa.

"Nimefikiri," akasema. "Jina la mwanamume si lipo? Twende kwa shehe. Boti zitabaki nyumbani, kijiji hakitazigusa. Na wewe hutakaa hapa unaongea na viboko. Mimi pia naongea na ukuta, Mzaramo."

Sisemi uongo: nilitamani. Si yeye, Mungu anisamehe. Nilitamani mtu wa kumwambia "chumvi imezidi" akajibu. Nikaziona siku sita za wiki zina sauti ndani yake. Kisha nikaiona Jumapili, walimu wanashuka kwenye gari, wanamwamkia yeye kwanza, wanamuuliza yeye jina la ndege, na mimi nimekaa nyuma na kopo, ninafua maji.

"Boti naendesha mwenyewe, na kitandani nalala mwenyewe."

Akacheka. Kile kicheko cha arobaini, kichwa nyuma, kifua wazi. Akasubiri nami nicheke, nimjibu tusi, aondoke kama kila siku na kurudi kama kila siku. Nilijua nikicheka, atarudi. Nilijua nikinyamaza, hatakuwa na njia tena ya kuja kuziba boti ya mwanamke aliyemkataa kwa dhati.

Kicheko chake kikapungua kidogo kidogo. Akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Unanitania?"

Nikaweka pondo chini. Nikamtazama machoni.

"Boti naendesha mwenyewe, na kitandani nalala mwenyewe."