Mvi za Ulyankulu

Mume wangu alikuwa fundi wa nywele za bandia na mavazi ya maigizo hapa Tabora, na katika maisha yetu yote sikuwahi kuingia chumba chake cha kazi bila kubisha hodi, hata nilipojua hamna mtu. Kofia zake za nywele alizivisha vibuyu. Vilipangwa kwenye rafu kuanzia dirishani hadi mlangoni: kichwa cha bibi, cha kijana wa mjini, cha askari wa Kirumi mwenye nywele za katani, cha kichaa. Nyuma ya rafu zilining'inia nguo. Ukifungua mlango upepo unaingia, na nguo zinageuka kidogo, kama watu walioitwa.

Sasa amefariki, na watu wananiuliza alikuwa mtu wa namna gani. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kupamba maneno. Nyumbani alikuwa mtu mwema. Nje alikuwa na mambo mengi.

Alikodisha mavazi kwa kwaya wakati wa Pasaka, kwa shule, kwa vikundi vya sanaa, kwa washereheshaji wa harusi. Hiyo ndiyo kazi iliyoonekana. Isiyoonekana ni kwamba alikodisha pia wazee. Kijana asiye na baba wala baba mdogo wa kumsindikiza ukweni kujadili mahari alikuja kwetu, na mume wangu akamtengenezea ukoo. Alijibandika ndevu, akavaa koti, akawa baba mkubwa kutoka Igunga, mfugaji, mtu wa maneno machache. Iliwahi kutokea vijana wawili wakaposa nyumba moja, na wote wawili walikuwa wamemkodi yeye. Ilibidi safari ya pili awe kipofu. Tulicheka mpaka tukachoka. Lakini nilijua ipo siku mtu atazishika zile ndevu na kuzivuta.

Nguo zake nyingi alizipata misibani. Yeye kwa asili ni Mzaramo. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akafika Kwihara, akaoa, hakurudi. Na kwetu sisi Wanyamwezi Mzaramo ni mtani. Babu zetu walibebeana mizigo na kuzikana njiani, ndipo utani ulipotoka. Mtani akija msibani ana ruhusa. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na sauti yake, anadai chakula chake, anachukua anachokitaka mpaka mje mkikomboe kwa kuku au kwa chochote. Hakuna wa kukasirika.

Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Alitoka ndani ya nyumba amevaa kanzu ya marehemu, na waombolezaji, macho yakiwa bado na machozi, wakaanza kumrushia maneno.

"Watumwa wangu," aliwaambia, "nani kawaruhusu kulia bila mimi?"

"Kaa kimya wewe. Babu yako alipoona fisi, nani alimbeba mgongoni?"

"Babu yenu. Na harufu yake haijatutoka mpaka leo."

Watu walicheka wakilia. Mjane mwenyewe alicheka. Kisha mume wangu aliondoka na kanzu, na kama ilikuwa siku ya kunyoa, aliondoka na nywele pia.

Nywele ndizo alizozitaka kuliko vyote. Zile za dukani zimenyooka, hazimfai mzee wa kwetu. Mvi za kweli haziuzwi popote. Mahali pekee unapoweza kuzikuta kwa wingi ni kwenye matanga, siku wafiwa wanaponyolewa. Mvi fupi hazifumwi, zinabandikwa. Alishona kofia kwa soksi ndefu za kike, akapaka gundi, akanyunyiza nywele kidogo kidogo huku akizikandamiza kwa kiganja. Zikishakauka hazitoki tena. Ukikaa hatua chache tu huwezi kujua kwamba kichwa kile si cha mzee.

Basi kikundi kimoja cha sanaa kilikuja kuagiza vichwa vya wazee wanne. Walikuwa na igizo la wapagazi wa zamani, la kuchezwa Kwihara mbele ya wageni. Mvi alizokuwa nazo hazikutosha.

Wakati huohuo tulipata habari ya msiba wa mzee mmoja Ulyankulu. Binti wa marehemu alikuwa mteja wangu, nilikuwa namshonea sare za kwaya ya kanisani kwao, Wakatoliki. Nikasema lazima nikatoe pole. Mume wangu akasema tutakwenda wote, siku ya kunyoa.

Tulifika asubuhi. Kijana mkubwa wa marehemu alitupokea kwa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka," na mume wangu akaitika vizuri. Nadhani hapo ndipo alipopotea. Familia ile asili yao ni Burundi, kama wengi wa Ulyankulu, ila wamekaa na sisi mpaka lugha yetu wanaijua kama yao. Mimi nilijua. Nilidhani na yeye anajua. Na mtani huwa haulizi kwanza. Anaanza tu.

Nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye mkeka. Mjane alikuwa ameshanyolewa, kichwa kinang'aa, na nywele zake zilikuwa kwenye ungo pamoja na za ndugu wengine. Mume wangu akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti la marehemu. Ndani ya basi alikuwa amesikia watu wakisema mzee yule aliburuta mguu wa kushoto, naye akauburuta. Alishika fimbo. Akasimama mlangoni akakohoa.

"Mbona mmekaa?" akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Tumbaku itajivuna yenyewe?"

Hakuna aliyejibu. Mtoto mdogo akasema, "Babu," akaanza kumfuata, na mama yake akamvuta kwa nguvu. Mjane alinyoosha mkono mbele kama mtu anayepapasa gizani. Nilitazama nyuso za wanaume walioketi uani, sikuona kicheko hata kwa mmoja. Nikamfanyia mume wangu ishara ya kichwa, acha. Yeye alidhani wanaona haya, akazidisha. Akaburuta mguu hadi kwenye ungo, akainama, akazizoa nywele akazitia kwenye kofia yake.

"Hizi nazichukua, wavivu nyinyi, mpaka mje mnikomboe."

Kwa Wanyamwezi mtu angekwisha kukimbilia kuku. Pale hakunyanyuka mtu. Alisubiri kidogo, akacheka peke yake, akaenda barabarani. Nilimfuata nikiwa nimesahau hata kuaga.

Zile mvi alizibandika siku zilizofuata. Kofia nne zilitoka, nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ndipo kijana wa marehemu alipopiga simu. Mume wangu aliweka sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, baba. Mnaendeleaje?"

"Hatuendelei. Mama amelala, hataki kula. Anasema amemwona baba anaondoka na nywele zake, na yeye sasa anangoja kuitwa. Tunataka nywele zetu."

"Ule ulikuwa utani, kijana wangu."

"Utani na nani? Sisi na wewe tuna utani gani?"

Mume wangu akageuka akaniangalia. Nilimwona alivyoelewa. Uso ulimbadilika rangi.

"Mama akifa, mzee," kijana akasema, taratibu kabisa, "sisi tutajua aliyemuua."

Mtu wa mbali anaweza kusema ni maneno tu. Mimi ni wa huku. Huku kwetu bibi kizee amekatwa mapanga kwa sababu macho yake ni mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Itakuwaje kwa mtu mwenye rafu nzima ya vichwa na nguo za maiti, na ambaye amezoa nywele za wafiwa mbele ya kijiji kizima? Nilianza kusikiliza pikipiki. Kila iliyopunguza mwendo karibu na kwetu niliacha nilichokuwa nakifanya, hata kama mkono uko kwenye unga. Jirani aliyekuwa akija kuomba chumvi akaanza kuwatuma watoto wake duka la mbali.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja mchana mmoja, hakukaa.

"Kuna watu wameniuliza unapoishi," alimwambia mume wangu. "Nimesema sijui. Ila mimi uongo sijauzoea, mzee. Wakirudi nitasema."

Alipoondoka mume wangu alitoka, akarudi na mfuko wa nywele kutoka kwa kinyozi wa stendi. Akazimwaga kwenye sinia na kuanza kuzipaka chokaa.

"Unafanya nini?"

"Nawapa nywele zao."

"Hizo si zao."

"Nywele ni nywele. Zile zimeshashika gundi, haziwezi kutoka. Nani atajua?"

Sikuwa na kawaida ya kumpinga. Siku hiyo nilimpinga. Nikamwambia, "Mpaka sasa hujamuua mtu. Yule mama akifa huku umempa nywele za vijana wa stendi, utakuwa umemuua kweli. Na mimi nitakuwa najua."

Aliendelea kukoroga, kisha akaacha. Sinia lilibaki pale.

Walikuja watatu: yule kijana, dada yake mteja wangu, na baba yao mdogo, mzee mfupi aliyevaa rozari shingoni. Niliwawekea maji. Hawakuyagusa. Mgeni akikataa maji ya nyumba yako ujue hakuja kukaa. Mume wangu aliwaamkia, kisha bila kuzungusha maneno akawaambia, "Njooni muone wenyewe ninachokifanya."

Akafungua chumba. Kijana alirudi nyuma hatua. Binti alijishika kinywa. Baba mdogo peke yake ndiye aliyeingia, akatazama rafu yote, akatazama nguo, na mume wangu akawa anaeleza: hii ni ya igizo la Pasaka, hii niliipata kwenye msiba wa fulani, hii ni katani tu, gusa. Hakuficha hata za wafu. Kisha akazishusha zile kofia nne, akaziweka mezani.

Binti alisogea. Mvi za mama yake zilikuwa na unjano wa moshi wa kiko, akazitambua. Akaanza kulia bila sauti.

"Hazitoki?" baba mdogo aliuliza.

"Hazitoki, mzee. Nisingekudanganya."

"Zitazikwa hivyohivyo."

Mume wangu akamletea na koti, limekunjwa. Mzee hakulipokea.

"Ulilivaa wewe. Ulitoka nalo mbele ya watu, utaingia nalo mbele ya watu, ulivulie kaburini. Na wewe utanyolewa. Umetembea kama ndugu yangu, basi umlilie kama sisi."

Mume wangu alipeleka mkono kichwani. Hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye nywele za mtu zinaweza kufanywa nini zikiwa mikononi mwa mwingine.

"Nitakwenda naye," nikasema.

"Wewe mama baki," mzee alinijibu, si kwa ukali. "Wewe hukuchukua kitu."

Binti alipanda basi. Wanaume walipanda pikipiki moja, wamepangana mshikaki, mume wangu katikati amevaa koti la mtu mwingine, na mfuko wa kofia mapajani. Hakugeuka kunitazama. Baadaye aliniambia aliogopa kwamba akigeuka angeshuka.

Simu yake haikupatikana tangu walipoiacha lami. Nilikwenda kanisani kwetu, Moravian, nikakaa kwenye benchi la nyuma, nikashindwa kusali. Kila nilipofumba macho nilimwona katikati ya wale wawili, na barabara ya vumbi, na mashamba ambayo mtu akipiga kelele haisikiki. Kesho yake nilipika chakula cha wawili, nikakiangalia kikipoa.

Alirudi jioni na basi la Ulyankulu. Nilimwona kwa mbali nisimtambue, kichwa kimekuwa kidogo, amevaa shati bila lile koti. Nilimshika mikono, nikaangalia shingo yake, mgongo, masikio. Hakuwa na jeraha.

"Hawakunipiga," akasema. "Walinipa ugali."

Akakaa, akavua viatu. Kisha akaniambia kwamba walipofika kaburini, kando ya nyumba, mjane alitolewa nje akiwa ameshikwa mabega. Yule mama alimwomba jambo moja. Atembee, kutoka kaburini hadi mlangoni, kabla hajavua koti.

"Ukatembea?"

"Nilitembea. Sikuwa naigiza. Miguu ilikuwa inatetemeka, ikaburuzika yenyewe." Akanywa maji. "Yule mama akanisindikiza kwa macho mpaka mlangoni, akasema, haya, sasa nenda. Hakuwa ananiambia mimi."

Walizika kofia na koti, wakamnyoa, wakafukia nywele zake shimo hilohilo. Mjane alikunywa uji.

Wale waigizaji walicheza Kwihara wakiwa wamejipaka unga vichwani. Mume wangu hakuigiza tena msibani, hata kwa Wanyamwezi waliomwita. Watu walisema anaringa. Mimi sikutulia. Sasa nywele zake zilikuwa kwao, na maisha yake yalikuwa yamefungwa kwenye pumzi ya mwanamke mzee ambaye siku yoyote angeweza kufa kwa uzee tu. Kila binti alipokuja kupima sare nilimuuliza mama anakulaje, nikasikiliza jibu kama mtu anayesomewa hukumu.

Wakati wa kuvuna tumbaku simu ikaita. Kijana yule.

"Mzee, mama ametutoka. Njoo na mama wa hapo nyumbani kwako."

Mume wangu alishika simu muda mrefu baada ya kukatika. "Wamesema niende," akasema. "Hawakusema kwa nini."

"Usipokwenda watasema umekimbia."

"Na nikienda?"

Tukavaa, tukaenda. Watu walikuwa wengi uani, na tulipoingia mazungumzo yalipungua. Baba mdogo alinyanyuka, akaja moja kwa moja hadi kwetu, na mimi nikashika kanga yangu kwa mikono yote miwili. Alimshika mume wangu mkono, akamwongoza akamkalisha kati ya wafiwa wa kiume, kwenye mkeka wao.

Siku ya kunyoa tulirudi tena. Zamu yake ilipofika aliinamisha kichwa bila kuambiwa. Mimi niliinuka kutoka kwa wanawake, nikasogea karibu na anayenyoa, nikasimama hapo nikiziangalia nywele zake zinavyoanguka kwenye ungo, na nilipoona ungo unabebwa nikaufuata mpaka zilipofukiwa.