Dereva wa mikate aliyekataa kuitwa shujaa

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mikate bado ina joto. Dereva anasukuma kreti ya mwisho hadi ndani kabisa ya gari, anaufunga mlango kwa nyonga, kisha anajifuta unga kwenye mapaja ya suruali.

"Mama Kreti, safari njema!" sauti inatoka kwenye dirisha la chumba cha kuokea.

"Mama Kreti alishastaafu!" anajibu bila kugeuka. Huko ndani wanacheka.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na miaka kumi na sita kati ya hiyo ameitumia nyuma ya usukani wa magari ya kiwanda hiki. Kabla ya saa nne anatakiwa awe amefika maduka kumi na saba. Jina la Mama Kreti alilipata mwaka jana kwa asubuhi moja tu, na tangu hapo amekuwa akihangaika kulivua.

"Lilinikaa kama gauni la kuazima," anasema huku akiwasha gari. "Zuri, lakini si langu."

Ilikuwa Jumanne, saa moja kasorobo. Alikuwa kwenye duka la nne. Alishusha kreti moja, akaiweka barabarani nyuma ya gari, akarudi kwenye usukani kuchukua kitabu cha risiti. Ndipo mlango ukafunguliwa kwa nje. Walikuwa vijana wawili, mmoja na bastola.

"Akaniambia, 'Shuka.' Nikamwambia, 'Nashuka, baba, usinipige.' Nikampa ufunguo mkononi. Halafu nikamwambia gia ya tatu inakwama, aivute kidogo kwake." Anatikisa kichwa. "Sijui kwa nini nilimwambia. Mazoea tu. Kila anayeliendesha gari lile huwa namwambia."

Hazikufika dakika mbili. Majambazi walilirudisha gari nyuma kwa kasi, wakaikanyaga ile kreti, wakaondoka na mikate zaidi ya mia tano. Gari lilipatikana siku ya tatu kando ya machimbo ya mchanga, halina magurudumu wala betri.

Watu walijaa haraka. Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka. Anakumbuka sauti ya mwanamume nyuma yake ikisema, "Yaani amewapa tu gari, hivi hivi? Mtakuta anajuana nao."

Maneno hayo yalimwingia kuliko bastola. Alijua gari likiibwa, wa kwanza kutazamwa vibaya huwa ni dereva.

Mwandishi wa habari za mtandaoni alifika kabla ya polisi. Aliiona kreti iliyosagika, vipande vya plastiki na mikate vimetapakaa barabarani. Jirani mmoja, ambaye alitoka nje mambo yakiwa yamekwisha, alimweleza kwamba mama huyu amewapiga majambazi kwa kreti mpaka ikavunjika. Mwandishi akamgeukia dereva: "Mama, ni kweli ulipambana nao?"

"Sikusema ndiyo," anasema, macho barabarani. "Lakini sikusema hapana. Niliinamisha kichwa. Yeye akaona nimekubali, na mimi nikamwacha aone hivyo."

Kufikia saa sita mchana, picha yake ilikuwa imesambaa kila mahali. "Mama apambana na majambazi kwa kreti ya mikate." Video fupi ya mabaki ya kreti ilitazamwa zaidi ya mara laki tatu. Watu wasiomjua walimwandikia kwamba nchi nzima ingekuwa na moyo kama wake, ujambazi ungekwisha kesho. Kiwandani, meneja alimsimamisha mbele ya wenzake, akampa cheti na keki. Hakuna aliyeuliza tena kama anajuana na wezi.

Mumewe, fundi viatu, ndiye peke yake aliyeujua ukweli. "Nilimwambia aache tu," anasema mume, akiwa kibandani kwake na misumari midogo mdomoni. "Nilidhani habari ni kama mvua. Itanyesha, itakatika."

Haikukatika. Wiki tano baadaye dereva wa gari la maziwa alitekwa kwenye taa za barabarani, asubuhi, watu wakitazama. Aliambiwa ashuke. Badala ya kushuka, alinyakua kreti ya chupa akamrushia aliyeshika silaha. Alipigwa risasi ya paja.

Mama Kreti alizisikia habari hizo redioni akiwa njiani. Hakumjua mtu huyo, ila madereva wa asubuhi hupungiana mikono. Alimaliza maduka yake, akanunua machungwa, akaenda hospitali.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Mgonjwa alimtambua kabla hajajitambulisha. Ndiye aliyetabasamu kwanza.

"Dada, ni wewe!" alisema. "Nilikukumbuka pale pale. Nikajiambia, kama yule mama aliweza, mimi mwanamume mzima ninashindwaje?"

Mama Kreti aliyaacha machungwa kwenye kabati, akasema pole, akatoka. Nyumbani alikaa jikoni na chakula kikapoa.

"Nimemvunja mtu mguu," alimwambia mumewe.

"Risasi haikuwa yako."

"Maneno yalikuwa yangu."

"Si hukusema kitu?"

"Ndiyo. Hicho hicho."

Siku mbili hakulala vizuri. Siku ya tatu alirudi hospitali, akavuta kiti, akamweleza dereva wa maziwa kila kitu: ufunguo aliotoa mwenyewe, gia inayokwama, kreti iliyokanyagwa na gari. Yule mgonjwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani.

"Toka," alisema.

Alitoka. Asubuhi iliyofuata alibisha mlango wa meneja, akaweka cheti mezani.

Meneja, mtu wa maneno machache, anakumbuka kwamba kwanza alikasirika. "Nilimuuliza, ungenyamaza kungekuwa na shida gani? Akaniambia, 'Bosi, una madereva kumi na wanne humu ndani. Wote wanaamini niliwapiga wale vijana. Kesho mmoja wao atawekewa bastola, na atanikumbuka.'" Anainua mabega. "Nilimwambia aende kazini."

Kazini alibaki. Kusahihisha habari ndiyo iliyokuwa ngumu. Mwandishi aliyeiandika alimwambia kwa simu kwamba imeshapita. Alipofuatilia kwa mhariri, aliambiwa watu wanapenda habari yenye ushindi. Baada ya kupiga simu mara sita, yaliwekwa masahihisho ya mistari minne. Alipoyatazama baada ya wiki moja, walikuwa wameyasoma watu mia mbili na kidogo.

Ndipo akapiga simu kwenye kipindi cha asubuhi cha redio, kile ambacho madereva wengi husikiliza. Mtangazaji alimfurahia. "Mama Kreti mwenyewe! Tueleze uliwapigaje."

"Sikuwapiga," alisema. "Nimepiga simu kusema hivyo. Niliwapa ufunguo."

Simu zikaanza kuingia. Mmoja alimwita mwongo, na dereva akakubali kwamba alikuwa mwongo. Mwingine, mwanamume wa sauti nzito, akasema, "Kwa hiyo kumbe wewe ni mwoga tu."

"Baba, niliogopa mpaka nikasahau namba yangu ya simu," alijibu. "Lakini nina miaka arobaini na mitatu na nataka kufika hamsini. Mikate inaokwa kila siku."

Simu iliyofuata ilikuwa ya mwanamke. Alizungumza polepole. Alisema mumewe alikufa aking'ang'ania pikipiki ambayo alikuwa hajaimiliki hata mwaka. Magazeti yalimwandika shujaa, na watu wengi sana walikuja mazishini. "Natamani mume wangu angeogopa," alisema, akakata simu.

Mtangazaji alipiga muziki.

Tangu siku hiyo kiwandani kuna utaratibu mpya. Dereva anayeajiriwa hakabidhiwi gari kabla ya kukaa saa moja na mama huyu. Anawafundisha kufunga milango kabla ya kuwasha gari, kutazama vioo wanaposimama, na, yakiwakuta, kuonyesha mikono na kushuka taratibu. Kisha anawaambia jambo ambalo anasema ni gumu kuliko yote: mtu akikuuliza baadaye ulifanya nini, mwambie.

Kampuni ya maziwa imesikia, na imemwomba aje azungumze na madereva wake Jumamosi ijayo. Watakuwa karibu arobaini. Hajawahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo, na mumewe anadai kwamba usingizini anafanya mazoezi kwa sauti.

Anatamani siku moja kila kampuni yenye gari barabarani iwe na saa moja kama hiyo. Tayari amewaandikia wauza gesi na wasambazaji wa magazeti. Wa magazeti bado hawajamjibu.

Dereva wa maziwa alikaa wiki tisa bila malipo, kwa kuwa analipwa kwa siku, na mkewe alilazimika kufua nguo za nyumba tatu. Sasa anatembea kwa gongo na amepewa kazi ya kupokea oda ofisini. Yeye na mama huyu hawajawa marafiki. Lakini juzi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile wodini, alimtumia ujumbe.

Dereva wa mikate anasimamisha gari mbele ya duka la kumi na saba, anatoa simu mfukoni na kuusoma tena: "Jumamosi nitakuwepo. Ila nitaongea mimi kwanza."

"Aongee," anasema, akiirudisha simu. "Hata asubuhi nzima. Nitakaa kiti cha mbele nimsikilize."