Sekunde Tulizokata Kwenye Video ya Sabuni

Mke wangu alikaa wodini akisikiliza mama mmoja anamsifu, huku mtoto wa mama huyo amelala pembeni, koo limeungua.

Aliyemponza mtoto ni mke wangu. Yule mama hakuwa na habari.

Sitii chumvi. Mengine nimesimuliwa na mke wangu mwenyewe, ya mwisho niliyaona kwa macho haya.

Mimi ni kinyozi, yeye fundi cherehani. Ana ugonjwa mmoja: hawezi kutupa kitu. Kopo, kitambaa, ganda la yai, vyote vina kazi kwake. Zamani nilikuwa namwambia tunaishi jalalani.

Kisha akagundua kwamba mtandaoni wenzake wamejaa tele. Kuna wanaofundisha kugeuza maganda kuwa mbolea. Kuna wanaoeleza plastiki ipi ina mnunuzi na ipi haina. Kuna wanaoshona begi kutokana na suruali iliyochoka. Bure kabisa, bando lako tu. Pipa letu la taka lilianza kukaa wiki nzima bila kujaa, na mimi nikafyata mdomo.

Akafungua ukurasa wake, akauita Usitupe Kwanza. Ilionekana mikono yake tu, maelezo yakipita kwa maandishi chini. Sura hakutoa, eti kamera inamnenepesha. Aliyeshika simu nilikuwa mimi.

Video iliyopaa ni ya sabuni ya maji. Unachukua mafuta machafu ya kukaangia, badala ya kumwaga unayapika na kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni. Mwisho unaimimina kwenye chupa tupu ya juisi. Taka mbili zimeokolewa kwa mpigo mmoja. Ilipendeza mno, sabuni ya njano ndani ya chupa safi.

Alijifunzia kwenye ukurasa wa wakemia fulani, watu makini. Wao walisema wazi: usiweke kwenye chombo cha kinywaji, andika jina, weka juu mtoto asipofika.

Hayo maneno tuliyaweka mwishoni mwa video, japo chupa yetu yenyewe ilikuwa ya juisi. Kisha akayakata.

"Inakuwa ndefu," akaniambia. "Watu hawana subira. Nitayaandika kwenye maoni."

Nikasema sawa. Hakuyaandika. Zilimiminika pongezi, tukasahau.

Sasa binti yetu akaanguka kwenye ngazi za nyumba, akavunjika mkono. Akalazwa wodi ya watoto, mama yake akabaki naye.

Asubuhi iliyofuata wakaletewa jirani wa kitanda. Msichana mdogo wa kama miaka minne, midomo imevimba, mate yanamtoka, hawezi kumeza hata maji. Mama yake kanga imelowa, kiatu kimoja hana.

Mke wangu akamsogezea kiti. "Pole dada. Amepatwa na nini?"

"Amekunywa sabuni. Alidhani juisi."



"Sabuni ya dukani?" aliuliza, akiomba moyoni iwe ya dukani.

"Hapana, nilipika mwenyewe. Nilifuata video ya dada mmoja, Usitupe Kwanza. Unamjua?"

Mke wangu akatikisa kichwa. Hapana.

"Mtu mzuri sana yule. Nimejifunza mbolea kwake, nimejifunza kushona. Mama mkwe amenitukana tangu alfajiri, anasema naua mtoto kwa mambo ya kwenye simu. Ila yule dada hana kosa. Mzembe ni mimi."

Hebu fikiria. Umekaa hapo, unaambiwa huna kosa na mtu uliyemtia msibani.

Mke wangu akaaga kwamba anakwenda msalani. Huko akajifungia, akatoa simu, akafuta video. Kisha akanawa uso, akarudi, akamshika yule mama mkono. Anasema ule mkono ulikuwa wa baridi, na wake ulikuwa wa mwongo.

Mimi nilifika mchana na chupa ya uji wa binti yangu. Nilimkuta mke wangu amekauka kama mti. Kabla sijauliza, daktari akaingia.

"Mama, hiyo sabuni ilikuwa na magadi ya kupikia au kostiki? Na kwa kiasi gani? Nataka kujua ukali wake kabla hatujaingiza kipimo kooni."

"Sikumbuki, daktari. Chupa ilimwagika yote. Lakini nitakuonyesha video, vipimo vyote vimo."

Akatafuta. Akatafuta tena.

"Ilikuwepo. Niliiangalia jana tu. Mbona haipo?"

Daktari akasubiri. Mimi nikamtazama mke wangu, naye akatazama sakafu. Hapo nikaelewa.

Kisha nikamsikia anasema, taratibu, kama mtu anayesoma: "Ni kostiki, daktari." Akataja kiasi cha dawa, cha maji, cha mafuta. Hakukosea hata kimoja.

Daktari akaandika, akatoka mbio.

Yule mama akageuka. "Umejuaje?"

"Ile mikono ni yangu, dada."

"Na video?"

"Nimeifuta leo. Nilipokwenda msalani."

Nilitegemea kofi. Nilijiandaa hata kuingilia kati. Yule mama hakuinua mkono. Alivuta kiti chake upande wa pili wa kitanda, akakaa ametupa mgongo. Akakaa hivyo hadi jioni. Kofi lingekuwa afadhali.

Mtoto alipona, ila kupona kwenyewe kuna walakini. Koo limebana. Anarudi hospitali mara kwa mara kulipanua, na chakula chake ni cha kupondwa.

Baada ya kutoka wodini, mke wangu alimwandikia yule mama, akakiri yale maneno ya tahadhari tuliyoyakata, akasema anafunga ukurasa moja kwa moja. Yule mama ndiye aliyekataa. Alipiga simu, hakusalimia.

"Ukifunga, wale wote wenye chupa jikoni nani atawaambia? Irudishe. Weka na yale uliyokata. Nitasema mimi."

Akaja nyumbani, akaongea mbele ya simu, na sura yake akaitoa. Alisema usiweke sabuni kwenye chupa ya kinywaji hata siku moja, na mtoto akinywa usimtapishe, mkimbize hospitali. Nilishika simu kwa mikono miwili, maana mmoja haukutosha.

Siku za kliniki mke wangu humsindikiza. Juzi nilimsikia akijikaza kumuuliza, "Dada, umenisamehe?"

"Bado," akajibiwa. "Mbebe mtoto, tunachelewa."

Akambeba. Na mtoto, ambaye hana kinyongo na mtu, akamlalia begani.

Wewe unayefundisha wenzako mtandaoni, yale maneno yanayochosha ndiyo yanayomlinda mtoto wa mtu usiyemjua. Kata mengine yote, hayo yaache.

Na ukimaliza kusoma hapa, nenda jikoni ukaangalie chupa zako.