Gari Lililotoka Makaburini

Umeme ukirudi tu, Dorine humsikia jirani yake, muosha magari, akiburuta kimashine chake cha maji uani. Huanza na matairi, ambako udongo mwekundu wa njia ya Kasomeno hukauka kama tofali. Hasemi sana. Hata akila, kidole chake cha shahada hubaki kimekunjika, kama bado kinabana kifyatuo cha maji.

Leo, baada ya siku mbili bila umeme, magari matatu yalikuwa yakimngoja. La kwanza, pikapu, lilikuwa limetoka kuzika. Alilitazama, akazima mashine, akachukua ndoo na kitambaa.

“Papa, courant iko,” Dorine akamkumbusha habari ya umeme kutoka upande wa pili wa ukuta. “Itaenda tena.”

“Ninajua, mama. Lakini hii ilibeba muntu. Hatuwezi kuipigia makelele.”

Aliliosha kwa mikono, polepole, mpaka nyuma pale jeneza lilipolala. Alipomaliza akabonyeza swichi ya mashine, akangoja, akabonyeza tena. Umeme ulikuwa umekwenda. Akajaza ndoo, akainama kwenye gari la pili, na kile kidole kikakataa kunyooka juu ya kitambaa.