Kura ya Kondoo Waliolowa

Lorna Hambling hakuwa mtu wa kuombwa aseme anachofikiri, alikuwa ameshakisema. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mgongo mpana, na viganja laini kama vya mtoto kwa sababu ya mafuta ya sufi. Kwa siku alinyoa kondoo mia na arobaini bila kujisifu. Haya, tuseme ukweli, alijisifu, ila alisubiri kwanza chai imiminwe.

Alipoingia banda lake la kwanza la kunyolea, upande wa mji mdogo wa Wilcannia, miaka thelathini nyuma, wanaume walibishana kama atafika saa ya chakula. Alifika, akala, akarudi kazini. Aliyemfundisha mguu uwekwe wapi na kondoo abanwe vipi ili asifurukute alikuwa Clem Duffield, na tangu hapo wawili hao wakawa wananyoa bega kwa bega. Clem sasa alikuwa na miaka sitini na sita na kifua kibovu. Mwaka juzi alinyoa kondoo waliolowa siku mbili mfululizo, unyevu ukamwingia, akalazwa wiki tatu. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba akirudia mchezo ule, asitegemee kutoka tena hospitali kwa miguu yake.

Wiki hiyo walikuwa kwenye shamba la Ross Kinnane, wanyoaji watano: Lorna, Clem, ndugu wawili wa Kimaori kutoka New Zealand, Tamati na Rewi, na Darcy, mtu mkimya ambaye maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole. Jumanne jioni mvua ikanyesha. Ross alikuwa ameisubiri miezi minne, macho angani kila asubuhi, nayo ikachagua kuja siku ambayo hakuna mtu bandani aliyeitaka.

Na zaidi ya wote, hakuitaka Lorna. Jumamosi binti yake wa pekee, Kerryn, alikuwa anaolewa Adelaide. Kila mtu alijua, maana tangu Jumatatu alikuwa ameliimba jambo hilo mpaka mbwa wa Ross akalikariri: gauni, keki, kofia yenye manyoya ya bluu, mkwe anayetengeneza meno ya watu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Wakimaliza kazi Alhamisi, Ijumaa yuko barabarani kutwa nzima na jioni anamkumbatia mwanawe. Kazi ikisimama siku mbili hadi manyoya yakauke, kondoo wa mwisho atanyolewa Jumamosi hiyo hiyo, na harusi itampita.

Sasa, kwenye mabanda yale kuna utaratibu, na utaratibu huo hauchezewi. Mvua ikinyesha, kila mnyoaji ananyoa kondoo wawili, anafuta mikono, kisha anaandika kwenye kikaratasi neno moja: wamelowa, au wakavu. Vikaratasi vinaingia kwenye kofia na mmoja anavisoma. Wengi wakisema wamelowa, mashine zinazimwa na hakuna anayelipwa siku hiyo, si mnyoaji wala mfagiaji. Mwenye shamba hana kura. Na hakuna anayeulizwa aliandika nini, wala anayesema mwenyewe. Mume na mke wamewahi kupiga kura banda moja na wakaenda kaburini bila kuambiana.

Jumatano asubuhi Ross alikuwa akizunguka zunguka kwenye zizi, akipapasa migongo ya kondoo na kusema kwa sauti kwamba upepo umewapiga vizuri, wamekauka hawa, mbona wako safi. Lorna alimkalisha kondoo wake wa kwanza, akapitisha mashine tumboni, na mikono yake ikamwambia kabla kichwa hakijauliza. Juu palikuwa pakavu. Chini, kwenye shina la manyoya, palikuwa na ubaridi wa kitambaa kilichoanuliwa mapema. Wa pili alikuwa vile vile. Upande wa kulia akamsikia Clem akikohoa, mara moja tu, kwa kujibana.

Alishika penseli. Ndugu wale wawili walikuwa wamesema wazi asubuhi kwamba wanataka kufanya kazi. Wana watoto huko New Zealand. Darcy na Clem wangesema wamelowa, hilo hata mtoto angejua. Basi kura yake ndiyo ingeamua. Moyo ulimuuma Lorna, ulimuuma hasa, akamwona Kerryn mlangoni mwa kanisa akitazama barabara. Akaandika wamelowa, akakikunja kikaratasi, akakitumbukiza kofiani.

Darcy alisoma. Wamelowa, wamelowa, wakavu, wamelowa, wamelowa. Nne kwa moja.

Hata Tamati na Rewi, pamoja na maneno yao yote, walikuwa wameandika kile mikono yao ilichogusa. Mashine zikazimwa. Na macho yote, kwa upole mwingi, yakamgeukia Lorna, kisha haraka haraka yakatazama pengine. Alielewa papo hapo. Walidhani ile kura moja ni yake.

Alikwenda kwenye simu ya jikoni, maana mtandao pale ni hadithi, akampigia Kerryn. Yule binti alilelewa juu ya marobota ya sufi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Uliandika nini, Mama?"

"Unajua hilo haliulizwi."

"Basi uliandika wamelowa. Ungekuwa umeandika wakavu, sauti yako isingekuwa hivyo."

Kerryn akamwambia aache banda, apande gari aje. Mama yake akajibu kwamba hajawahi kuacha banda kabla ya kondoo wa mwisho, kwamba anayeondoka mzigo wake unahamia migongo ya wenzake. Kerryn akasema kondoo wa watu ndio wamekuwa watoto wake siku zote, akakata simu.

Mezani walikula nyama ya kondoo na viazi, na kila mtu alikuwa mwema kwake kupita kiasi. Rewi alimsogezea chumvi kabla hajaiomba. Kisha Tamati, kijana mwenye roho nzuri, ndiyo maana akasema, "Usijali, shangazi. Ingekuwa binti yangu, na mimi ningeandika hivyo hivyo."

Lorna alihisi uso ukimwaka. Harusi imemponyoka, mwanawe amemkatia simu, na hapa tena anasamehewa kwa kuwa radhi kumlaza Clem hospitali ili yeye akale keki. Mdomo wake haukuwahi kukosa neno tangu azaliwe. Akaukaza. Utaratibu ni utaratibu.

Clem akaweka kijiko chini. "Ile ya wakavu ni yangu."

Darcy akainua kichwa. "Clem, hilo halisemwi."

"Nimeshalisema."

"Na kifua hicho?" Lorna alisema, na sauti ilimtetemeka kwa hasira. "Ulitaka ufe mbele yangu, mzee mjinga wewe?"

"Kifua ni changu. Nilijua utaandika kwa ajili yangu, na nilijua wavulana hawa wanataka kazi. Nikasema na mimi niandike kwa ajili yako, labda kura za wakavu zingefika tatu."

Hakuna aliyegusa chakula. Tamati alitazama sahani yake kwa aibu. Clem akaendelea kwamba barabara ya udongo ingali wazi, lakini mvua ikirudi kesho itafungwa, kwa hiyo Lorna aondoke sasa hivi. Kondoo wakikauka, sehemu yake wao wanne watagawana.

"Sijawahi kuacha banda, Clem."

"Na mimi kwa miaka arobaini na mbili sijawahi kutaja kura yangu. Leo nimeitaja mezani, mbele ya watu. Sasa zamu yako."

Lorna akawatazama mmoja mmoja. Akainuka, akaenda kufungasha. Alipopita bandani na begi lake, wanaume wote wanne walikuwa wamegeukia ukuta, wakijifanya wananoa visu vya mashine, ili mtu yeyote asione kwamba Lorna Hambling analia.