Fomu ya Kumsifu Mdogo Wangu

Meza ile siipendi, na sitajisingizia. Iko mwisho wa bwalo la chuo, chini ya feni pekee inayozunguka, na ndiyo peke yake inayotandikwa kitambaa. Hapo hula wanafunzi wa Mpango wa Heshima, wale waliopata alama za juu kupita wenzao, wenye chumba chao cha kusomea na utepe wa kijani shingoni. Sisi wa jikoni tunawaita Wateule. Mpishi mkuu akiwaona wanaingia husema, "Haya, Wateule hao. Futeni meza, malaika hawali penye makombo."

Mimi hugawa wali dirishani. Kidato cha nne nilikimaliza kwa gredi ambayo mama aliipokea kwa kusema, "Alhamdulillahi, afya unayo." Sikuumia sana. Mimi ni mtu wa kucheka na kuota ndoto, na ndoto yangu wakati ule ilikuwa mdogo wangu, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni hapo hapo, avae utepe wa kijani. Aliyeingia kwenye ule mpango alipewa mwalimu wake mwenyewe na kuchagua utafiti anaoutaka. Yeye alitaka kaa wa kwenye mikoko yetu ya Takaungu, hao hao aliowachezea tangu utotoni. Asiyeingia hupangiwa cha kusoma, na maabara huisubiri kwa zamu. Nilishamvika ule utepe mara mia kichwani mwangu, huku nikimwaga mchuzi nje ya sahani za watu.

Alama zake zilitosha. Ikabaki fomu moja, ya kujazwa na mtu wa nyumbani, halafu aitwe mbele ya kamati.

Tulikaa barazani, mama akishona makuti, mimi na kalamu.

"Soma swali," akasema.

"Eleza ni kitu gani kinachomtofautisha mwanafunzi huyu na wenzake."

Mama akasimamisha mkono. "Wanataka tumsifu wenyewe?"

"Naona hivyo."

"Mtoto hasifiwi na watu wa kwao. Husifiwa na wengine, nyinyi mkaitikia tu. Ukimtajataja wewe, kijicho kitamfika kabla yeye hajafika darasani. Andika kwa adabu, uwaachie waone wenyewe."

Niliona sawa kabisa. Hata ukimpelekea jirani sinia la pilau iliyojaa nyama, unasema ni kidogo hicho, mtuwie radhi, na jirani anajua kusoma maneno hayo. Basi nikaandika kwa hati yangu nzuri: "Hana tofauti na wenzake. Ni mtoto tu kama watoto wengine, na makosa yake anayo. Tunawaomba mumpokee hivyo hivyo alivyo, mumfunze." Nikaisoma mara mbili, nikaona imekaa. Nikaipeleka mwenyewe ofisini, na njia nzima nilikuwa nikiimba.

Siku aliyoitwa na kamati, mdogo wangu aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, nami nimeinamia sufuria.

"Uliandika nini wewe?"

"Fomu yako? Niliandika vizuri tu."

"Vizuri! Watu watano wamekaa, na yule profesa mwanamke ananisomea maneno yako kwa sauti. 'Hana tofauti na wenzake.' Kisha ananiuliza, binti, ikiwa kwenu hawakuamini, sisi tukuamini kwa lipi? Wakacheka, dada. Wote watano."

"Ile ni heshima, mdogo wangu. Pengine hawajui mtu wa kwetu anavyo..."

"Heshima yako imeniponza! Kama ni wivu ungesema tu. Kwamba wewe umekwama na upawa, na mimi nikwame."

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya moto ya kuoshea sufuria na sikuyasikia yakiunguza.

"Nyinyi!" mpishi mkuu akapiga kelele. "Ugomvi wenu upelekeni nje, maharagwe yanashika chini!"

Nilitoka vile vile na aproni yangu hadi ofisi ya mpango. Karani aliniangalia kuanzia miguuni.

"Chai tumeshaletewa."

"Sikuja na chai. Nimekuja kwa ajili ya fomu. Nilimaanisha kinyume."

"Kinyume cha nini?"

"Cha nilichoandika."

"Basi kwa nini hukuandika kinyume?" Akageukia mwenzake. "Unasikia? Halafu wanasema tunawabagua wenyeji." Mwenzake akacheka puani. Nilisimama. Nilikuwa nimeamua siondoki, nikasimama mpaka akachoka na mimi. Akavuta droo, akanisukumia fomu mpya kwa kidole kimoja. "Kesho saa nne. Na safari hii andika kama mtu anayetaka kitu."

Nyumbani nilimwambia mdogo wangu nimepewa fomu mpya, na mara akaniandalia maneno. Alinipa karatasi, kazi yangu ikawa kunakili tu kwa hati yangu na kutia sahihi. Alikuwa ameandika: "Mdogo wangu amejilea mwenyewe kimasomo. Nyumbani hakuna kitabu wala anayemwelewa. Mimi dada yake nilifeli. Mama yetu hajui kusoma."

Mama alikuwa uani akilowesha makuti. Ikabidi tugombane kwa kunong'ona.

"Kufeli kwangu, haya, ni kweli," nikasema. "Lakini mama? Mama anahitimisha Msahafu kila Ramadhani. Nani alikufundisha alifu na be?"

"Huko kusoma Msahafu si kusoma."

"Huko wapi?"

"Huko, dada! Wao wanampenda mtu aliyetoka shimoni. Wenzangu wote wameandika hivyo. Kuna mmoja babake ana duka mjini, kaandika kwamba alikuwa akisoma kwa mwanga wa makaa."

"Sasa mama ndiye shimo?"

"Ni mstari mmoja! Hatauona."

"Mimi nitakuwa nimeuandika."

Nilichukua fomu nikampa mgongo. Nilimsifu kwa hasira, kama mtu anayemtukana adui sokoni. Niliandika kwamba Takaungu nzima hakuna kichwa kama chake. Niliandika kwamba akiwa na miaka saba alishinda kwenye tope la mikoko, akarudi kutuambia kwamba kaa mwenye mkono mmoja mkubwa ni dume, na mkono ule hali nao, anaupunga tu, na kwamba watu wazima tulikwenda kutazama tukakuta ni kweli. Niliandika kwamba mwalimu wa hesabu wa sekondari alikuwa akimwomba amsahihishie ubao. Niliandika kwamba mimi nilifeli. Kisha nikaandika: "Mama yetu anasoma, na ndiye aliyemfundisha herufi za kwanza, kwa mkaa ukutani. Ukuta haukupakwa chokaa mpaka alipozijua zote." Kila sifa niliyoiandika niliona nimemvua nguo mbele za watu. Nikasema mashaallah kila mwisho wa mstari, kimoyomoyo, imkinge.

Mdogo wangu aliisoma kwa kusimama.

"Umeuacha mstari."

"Nimeuacha."

"Umeweka ukuta wenye masizi mahali pake. Ukuta!" Akaikunja fomu. "Nikikosa, usiniite tena mdogo wako."

"Sawa."

"Sikutanii."

"Nimesema sawa."

Siku kumi alichukua chakula dirisha la pili, kwa mzee anayegawa ugali, ilhali yeye ugali hapendi. Mzee akawa ananiuliza, "Huyu mdogo wako amehama chama?" Nikacheka na wenzangu kama kawaida, kisha nikaenda kulia stoo ya vitunguu, mahali ambapo hakuna anayekuuliza.

Siku ya kumi na moja nikainua macho, naye amesimama kwenye foleni yangu. Zamu yake ikafika. Alinyoosha sahani akiitazama sahani, si mimi.

"Nimechukuliwa," akasema.

"Unasemaje?"

"Utanipa wali au hunipi? Nimechukuliwa. Majina yamebandikwa. Yule profesa kaniita, kaniuliza habari za ukuta."

"Akasemaje?"

"Kasema kitu. Toa wali, watu wanangoja."

Upawa ulinidondoka. Nikapiga kigelegele kama cha harusini, kikatoka dirishani kikaenda mpaka mwisho wa bwalo. Vijiko vikasimama. Kwenye meza ya kitambaa wale wa utepe wakainua vichwa, na mmoja wao, msichana wa miwani, akatutazama kama tuliovunja sahani.

"Nyamaza," mdogo wangu akasema kwa meno yaliyofungwa, uso wote umewiva. "Dada, nyamaza. Wananiangalia. Nitakaa nao vipi?"

"Kaa nao hivyo hivyo ulivyo."

"Unaniaibisha!"

Nikauokota upawa, nikamjazia wali mpaka ukingoni, nikapiga kigelegele cha pili.